Kadi Pacha na Lori la Bi Zuhura

Mliniaga kwa keki yenye umbo la kadi ya benki. Juu yake mliandika jina langu kwa sukari ya rangi, na Oresta ikapungukiwa herufi moja. Kwa kazi tuliyoifanya pamoja, kadi ya namna hiyo ningeipokea kwa tabasamu, nikaiweka kando na kumpigia simu meneja. Ila nilikuwa nimeshastaafu, tena njaa ilikuwa inauma, kwa hiyo nikaikata.

Baada ya keki mkasema niwaandikie yale niliyokuwa nikiwasimulia kila mtandao ukikatika. Nimekubali. Vyeo na mishahara nitaviruka: vyeo havikuwa vingi, na mishahara ililiwa zamani. Nitawaeleza dawati la kadi lilivyoanza, na kwa nini mpaka leo mnatakiwa kumpa mteja pole ya safari kabla ya kumwomba kadi. Najua wengine mnadhani ni adabu tu za watu wazima.

Nilianza kaunta mwezi wa Juni, na anayeijua Juni ya Sumbawanga hahitaji maelezo. Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango kama mteja mwenye haraka. Vidole vilikufa ganzi, noti zikawa zinanishinda kutenganisha, na foleni ikaanza kukohoa. Mkagua sahihi wetu, Bwana Fulgensi, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, akanipa kikombe chake kikitoa mvuke.

"Shika tu," akasema. "Usinywe. Chai ni yangu."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Wakati huo benki ilikuwa moja mjini, mteja alikuja na kitabu chake cha akiba, akatia sahihi, na Bwana Fulgensi akaamua kama mkono ule ni wa mwenyewe. Lakini hukuweza kumwona akiamua. Alikuwa anauliza habari za Mpui, ulezi umekubali, mtoto wa fulani ameshapona, huku macho yake yako kwenye karatasi. Nilimuuliza kwa nini asimtazame mtu usoni.

"Ukimtazama mtu kama unamtuhumu," akanijibu, "anayetetemeka ni yule mwaminifu, na sahihi yake inaharibika. Mwizi amezoea kutazamwa. Mtu mpe pole, karatasi ndiyo uikague."

Alistaafu akarudi Chala kulima maharage, na hakuniachia kikombe.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Benki nyingine zikafungua milango, moja ikafungua ng'ambo ya barabara mkabala na sisi, ikiwa na milango ya vioo na kochi la kusubiria. Meneja wetu alilitazama kochi lile kupitia dirishani karibu wiki nzima, halafu na sisi tukanunua kochi. Zikafuata kadi, na mashine ya kutolea pesa ikatobolewa ukutani. Mimi nikapewa dawati la kadi kwa sababu, nadhani, ndilo lililokuwa karibu na kiti changu.

Miezi ile ya mwanzo kazi kubwa ilikuwa namba ya siri. Watu walitaka niwatunzie. "Wewe ndiye mwenye ofisi," walisema, "mimi nyumbani kuna watoto." Mkulima mmoja wa alizeti aliichora yake kwa rangi nyeupe kwenye madigadi ya baiskeli, na juu yake akaandika NAMBA YA BENKI, asije akaichanganya na kitu kingine. Nilipomsihi aifute alinisikiliza kwa heshima, akafuta maneno, akaacha namba. Tukaibadilisha namba, na ile ya kwenye madigadi ikabaki pambo.

Hatukuwa tumemaliza kucheka tulipoletewa habari ya kadi pacha.

Nieleze kwa ufupi, maana ninyi mmekuja na kadi za kisasa. Kadi za wakati ule zilibeba kila kitu kwenye utepe mweusi wa sumaku, ule wa mgongoni. Mwizi anabandika kifaa chembamba kwenye mdomo wa mashine. Kadi yako ikipita, kifaa kinausoma utepe. Kamera ndogo juu yake inaona vidole vyako vikibonyeza namba ya siri. Baadaye anachukua kadi nyingine yoyote, anaandika habari zako kwenye utepe wake, na sasa ziko mbili duniani. Yako umelala nayo chini ya mto, pacha wake yuko mji mwingine anatoa pesa.

Kulikuwa na mashine moja huko mpakani, si yetu, iliyokuwa imebandikwa kifaa hicho, na pacha walianza kutokea kwetu. Makao makuu wakatoa amri kutoka Dar es Salaam: kadi yoyote ikitumika mkoa mmoja na muda mfupi baadaye ikatumika mwingine, mashine iimeze.

Kwenye ramani, amri ile ilikuwa na akili. Kwetu Rukwa ilikuwa balaa, maana nani alikuwa na kadi Sumbawanga kama si wasafiri? Wenye maduka walikuwa wanakwenda Tunduma na kurudi. Wafugaji waliohamia kutoka Usukumani walikuwa wanauza ng'ombe huku na kwenda kuwatazama ndugu kule. Mwizi anakwenda mkoa mwingine kuiba. Mfanyabiashara anakwenda kununua sabuni. Mashine ikawameza wote bila ubaguzi.

Aliyemezewa kwa kishindo zaidi ni Bi Zuhura. Alikuwa mjane, mwenye duka la vitenge na lori moja lililopakwa rangi ya bluu, na mume wake alikuwa mteja wetu tangu enzi za vitabu vya akiba. Wenye maduka wengi wa mtaa wake walikuwa wanaangalia yeye anaweka wapi pesa, nao wanaweka hapo. Asubuhi ile aliingia, akapita kochi bila kulitazama, akaketi kwenye benchi la mbao kando ya dawati langu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umelala?"

"Nimelala mama."

"Wapi?"

Nikababaika. "Nyumbani."

"Umebahatika. Mimi jana nimelala Tunduma kwenye lori. Mashine imekula kadi yangu, gesti hawanijui, mzigo umefungwa, pesa sina. Dereva wangu Shabani kalala chini ya gari, mimi kwenye kiti chake nimeegemea usukani. Kila nikijigeuza, honi inalia. Tunduma nzima inajua Zuhura amelala vipi."

Aliyasema yote hayo kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyoniumiza. Kisha akaelekeza kidevu kwenye ile milango ya vioo ya ng'ambo.

"Wale wananiita kila siku. Nimewaambia nina ndugu zangu hapa. Sasa niambie wewe, ndugu anakula kadi ya ndugu yake ugenini?"

Nilimwambia kwamba safari ijayo hatalala kwenye lori. Sijui nilipata wapi ujasiri ule, maana amri haikuwa yangu. Alipotoka nikaenda kwa meneja. Alikuwa mtu wa pwani, mgeni kwetu, alikuwa anavaa makoti mawili na kuomba uhamisho kwa adabu kila mwaka.

"Dada Oresta," akasema, "makao makuu wanataka usalama."

"Wataupata, meneja. Wenye maduka wakihamia ng'ambo, hapatakuwa na cha kuibiwa."

Akavuta kiti. Tukakaa mchana kutwa tukiipanga. Tulitaka mashine isimeze. Kadi ikitiliwa shaka, mashine imwachie mteja kiasi kidogo cha kula na kulala, ili asiaibike ugenini, kisha imrudishie kadi na kumwandikia kwamba aonane na mhudumu ndani. Akiingia ndani mwenye kadi halisi, asipotezewe muda wala asioneshwe kwamba anachunguzwa. Akiwa ni mwizi, basi potelea mbali kile kidogo cha kula na kulala.

Meneja alipiga simu Dar es Salaam akapiga tena, akitumia sauti ambayo sikujua anayo. Wakakubali tujaribu katika tawi letu na matawi jirani. Pacha mmoja akitupita na pesa nyingi, amri ya kumeza inarudi, na meneja aliongeza, huku akifunga vifungo vya koti la nje, kwamba uhamisho wake ungepatikana siku hiyo hiyo lakini si kwenda alikoomba.

Basi ikabaki kwangu namna ya kumtambua mtu bila yeye kujua. Nilikuwa na kisomeo kidogo cha kadi chini ya ukingo wa meza. Kadi halisi ina namba iliyochongwa usoni, na namba hiyo hiyo iko ndani ya utepe. Kadi pacha, uso wake unasema namba moja, utepe unasema nyingine. Kuipitisha ni kufumba na kufumbua. Shida ni mikono na macho: ukiigeuzageuza kadi ya mtu mbele yake, umeshamtukana.

Nikarudi kwenye darasa la Bwana Fulgensi. Mteja akija nikawa nasema, "Pole na safari. Njia ikoje?"

Hamkuijua njia ile kabla ya lami. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa uji. Mtu aliyetoka Tunduma kwa basi alikuwa na mambo moyoni ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza, na akiulizwa, alifunguka. Walinieleza mabasi yaliyozama, kuku waliotoroka, kondakta aliyesahauliwa porini akichimba dawa. Huku wakieleza, kadi yao ilikuwa imeshapita kwenye kisomeo na kurudi mezani, nami ninasema "eeh, jamani" mahali panapostahili. Mwenzangu wa kaunta alidhani njia yenyewe ndiyo mtihani, yaani anayesema njia nzuri ndiye mwizi. Mzee mmoja mfugaji akamkatisha tamaa. Alisema njia ilikuwa njema sana. Kumbe miaka ya nyuma aliwahi kuitembea kwa miguu akiswaga ng'ombe, sasa basi kwake ni kitanda. Namba zake zililingana vizuri kabisa.

Wasafiri walifurahi mno, kiasi kwamba meneja akaja kuniuliza kwa nini foleni yangu inarefuka ilhali kazi yangu ni ya kufumba na kufumbua. Wengine walikuwa wanakuja kusimulia safari hata kama kadi zao hazina shaka yoyote.

Ikafika masika, nikampata Frank.

Siku hiyo Bi Zuhura alikuwa ameketi kwenye benchi lake, akisubiri kitabu kipya cha hundi. Alikuwa amerudi kutoka Tunduma kwa basi, safari hii amelala gesti na kadi yake imefanya kazi, na lori lilikuwa linafuata nyuma na mzigo. Ila lilikuwa limechelewa. Shabani alimpigia simu kutoka mahali penye mtandao akamwambia pampu ya dizeli imeharibika. Bi Zuhura alikuwa na mashaka na pampu hiyo, na alikuwa ananieleza mashaka yake wakati kijana mmoja alipoingia, matope yamempanda mpaka magotini, koti begani, uso wa mtu ambaye ungempa mtoto akushikie.

"Habari za kazi, dada. Mashine imenipa kidogo, halafu inasema nije kwako."

"Nzuri kaka, karibu. Pole na safari. Njia ikoje?"

"Dada, usiniulize njia." Akavuta kiti, akaniachia kadi na kitambulisho, akaanza.

Nawaambia kweli, katika miaka yangu yote sikupata msimulizi kama yule. Basi lao lilifika Mpui likakuta lori limeziba njia, matairi ya mbele yako upande huu wa matope na ya nyuma upande ule. Abiria wakashuka. Akawaigiza abiria: mama mwenye beseni, mwalimu mwenye redio, mtu aliyesali na mtu aliyetukana, wote kwa sauti zao. Mwenzangu wa kaunta akaacha kazi. Askari wa mlangoni akasogea. Nami nilikuwa nacheka kwa dhati wakati mkono wangu ulipopitisha kadi chini ya meza.

Usoni kadi ilikuwa na jina la Frank, sawa na kitambulisho. Nikatupa jicho kwenye kioo cha kompyuta. Namba iliyosomwa kwenye utepe ilikuwa nyingine, na mwenye akaunti alikuwa Zuhura. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa ameketi kiasi cha kumgusa kijana huyo goti, anatabasamu kama sisi wengine.

Nikaendelea kucheka, maana ningeacha ghafla angeona. Nikasema, "Subiri kaka, printa yangu ina ukaidi," nikasimama na kadi, nikaenda ofisini kwa meneja. Akasoma kioo chake, akapiga simu polisi. Gari lao lilikuwa limekwenda mbali, Muze. Wapelelezi wawili wangekuja kwa miguu. Tulichohitaji ni kijana asiondoke, na asishtuke, kwa sababu hatukujua kama ana mwenzake nje mwenye kadi nyingine. Nikarudi dawatini bila kujua nitamshikilia kwa lipi. Ameshamaliza hadithi, ananyoosha mkono.

"Tayari dada?"

Kabla sijafungua mdomo, Bi Zuhura akamgeukia.

"Baba, hilo lori lilikuwa rangi gani?"

"Bluu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Limeandikwa nini mbele?"

Frank akafikiri. "Subira."

Bi Zuhura akajiweka sawa kwenye benchi. Subira lilikuwa jina la marehemu mama mkwe wake, na ndilo lililokuwa mbele ya lori lake.

"Limeharibika nini?"

"Halikuharibika, mama. Dereva alikuwa kwa mama ntilie pale kando, amevua viatu, anakula wali kuku. Tukamwomba asogeze gari. Akasema atasogeza akimaliza, kwa sababu tajiri yake yuko Sumbawanga, haoni."

Mwenzangu wa kaunta akainama chini ya meza, akijifanya kutafuta kalamu.

"Alisema hivyo? Tajiri yake haoni?"

"Alisema, mama. Na yule mama ntilie akamwongezea paja."

"Mama ntilie yukoje? Kijana au mtu mzima?"

Frank akatazama saa, akanitazama mimi. "Dada, naomba kadi yangu, nina haraka kidogo."

"Haraka ya nini, baba?" Bi Zuhura alimshika mkono wa shati. "Nieleze vizuri. Alivaaje? Anamwita dereva kwa jina, au anamwita vingine?"

Hakuna askari ambaye angeweza kumshikilia namna ile. Kila alipotaka kuinuka, swali jingine lilimkalisha, na ninaamini kuna sehemu ya nafsi yake iliyofurahi kuulizwa, maana alikuwa msimulizi. Alishaanza kueleza jinsi Shabani alivyokuwa anafutiwa jasho kwa kitambaa wapelelezi walipoingia, wakamsimamia mmoja huku mmoja huku, wakamwomba awafuate kwa utaratibu. Mfuko wa koti lake ulikuwa na kadi nyingine kadhaa.

Bi Zuhura alisimama kati yao. "Mwacheni kwanza amalize."

"Mama, huyu ni mwizi," mpelelezi akasema.

"Kaiba nini?"

Nikalazimika kumwambia mimi. Nilimketisha, nikamweleza kwamba kadi ile ni pacha wa kadi yake, kwamba kilichotoka ni kile kidogo cha kula na kulala, na benki itakirudisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Frank kuanzia kwenye matope hadi usoni.

"Ya Subira ni kweli au umenidanganya na hayo?"

"Ni kweli, mama," Frank akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa na swali. "Mimi kwenye njia sidanganyi."

Baadaye alipohojiwa alieleza kwamba miji mingine alikopita, kwenye benki nyingine, wahudumu walilinganisha jina la kadi na kitambulisho, wakamwonea huruma kwa matope, wakamkubalia. Hakujua hata kama mwenye akaunti ni mwanamume au mwanamke. Makao makuu waliupeleka utaratibu wetu mikoa mingine, wakauandikia jina refu ambalo sikulishika, na meneja akapata uhamisho wa kwenda pwani. Bi Zuhura hakuhama. Kochi la ng'ambo hajalikalia mpaka leo.

Kesho yake baada ya Frank kukamatwa, nilimpelekea Bi Zuhura dukani kadi mpya, kwa mkono wangu, kwa sababu nilitaka asiifuate. Lori la bluu ndiyo kwanza lilikuwa limeegesha mbele ya duka. Shabani akashuka, amejipaka grisi mpaka kwenye paji la uso.

"Mama, ile pampu ya dizeli imenitesa sana."

"Pampu hiyo inapika wali vizuri?" Bi Zuhura akauliza.

Shabani akanitazama, akatazama vitenge, akarudisha macho kwa tajiri yake. "Nani kakwambia maneno hayo, mama?"

"Nina shahidi."

"Basi aje ayaseme mbele yangu."

"Hawezi kuja." Bi Zuhura alitia sahihi ya kupokea kadi yake, akanirudishia kalamu. "Yuko mahabusu. Lakini nikiitwa kumtolea ushahidi, nitamfikishia salamu zako."

Shabani alipanda nyuma ya lori bila kuambiwa, akaanza kushusha mzigo peke yake.